Hesabu za Hewa na Nishati: Majibu Yalitoka Wapi?

Mwaka 2006 mvua zilipoadimika na bwawa la Mtera likapungua maji kiasi cha kutisha, umeme ulitolewa kwa mgao katika Tanzania, na sisi tuliokuwa vijana wa elimu siku zile tulisoma usiku kwa mishumaa na taa za chemli. Mwaka 2011 mgao ulirudi tena. Wengi waliulaumu mto, na wengine waliwalaumu wakubwa. Lakini wachache waliuliza swali ambalo limenishughulisha tangu siku hizo. Aliyepanga kwamba nchi iyategemee maji ya Ruaha Mkuu kwa sehemu kubwa ya umeme wake alikuwa ameyahesabuje maji hayo, na ni nani aliyeikagua hesabu yake? Mimi ni mwalimu wa lugha. Si mwanahewa wala si mhandisi. Walakini mtu aliyezoea kuchunguza maandiko hujua kuwa kila andiko lina mwandishi wake, na kila mwandishi ana mambo aliyoyachukulia kuwa kweli kabla hajashika kalamu. Hesabu nazo ni maandiko.

Insha hii yahusu hesabu za namna moja tu, zile zinazofanywa kwa kompyuta ili kubashiri tabia ya nchi na mahitaji ya nishati, na ambazo serikali za dunia huzisikiliza zinapoamua kama zitajenga bwawa, zitachimba makaa ya mawe au zitatandika vioo vya jua. Wataalamu huziita modeli. Modeli ni mfano wa dunia uliojengwa kwa namba: unaingiza unayoyajua na unayoyadhani, unaipa mashine kanuni za kufuata, kisha unangoja ikuambie kesho itakuwaje. Watu wengi huamini kwamba modeli zimeboreka kwa sababu kompyuta zimekuwa kubwa. Sikatai kuwa kompyuta zimesaidia sana. Lakini nikizifuata habari zake tangu mwanzo naona jambo jingine lililofanya kazi kubwa zaidi. Kila mara modeli ilipotengenea, palikuwa na mtu aliyeruhusiwa, au aliyejiruhusu mwenyewe, kuifungua na kuuliza jibu limetoka wapi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kalamu na karatasi. Lewis Fry Richardson alikuwa Mwingereza wa dhehebu la Quaker, ambalo wafuasi wake hawakubali vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikataa kubeba silaha, akaenda Ufaransa kuhudumu katika kikosi cha magari ya majeruhi. Katika saa za mapumziko aliifanya kazi ambayo mtu mwingine angeiona ya wazimu, nayo ni kubashiri hali ya hewa ya siku iliyokwisha kupita. Alichukua vipimo vya hewa vya Ulaya ya kati vya asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910, akaigawa anga kwa miraba kama ubao wa dama, akatumia kanuni za mwendo wa upepo na joto kutafuta mgandamizo wa hewa ungekuwaje baada ya saa sita. Hati yake ilipotea mwaka 1917 wakati wa mapigano ya Champagne, ikaonekana baada ya miezi kadhaa chini ya lundo la makaa ya mawe katika Ubelgiji. Jibu alilolipata lilikuwa baya kupita kiasi. Hesabu ilisema kuwa mgandamizo ungepanda kwa milibari 145, na siku ile haukubadilika ila kwa kadiri ndogo mno.

Mtu wa kawaida angaliichoma hati hiyo. Richardson aliichapa mwaka 1922 katika kitabu, akaliweka kosa lake wazi pamoja na kila hatua iliyomfikisha kwenye kosa, hata akathubutu kuota jumba kubwa ambamo watu 64,000 wangekaa wakihesabu kwa pamoja ili waende sambamba na mwendo wa hewa. Naam, watu walicheka, na jambo likalala. Lakini kwa sababu hatua zote zilikuwa kitabuni, iliwezekana kuzirudia. Peter Lynch wa Ayalandi, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, alionyesha kuwa kanuni za Richardson hazikuwa na ila kubwa. Ubaya ulikuwa katika vipimo vya kuanzia: upepo na mgandamizo vilivyopimwa havikulingana baina yao, na tofauti ndogo hiyo ilikuzwa na hesabu mpaka ikawa dhoruba isiyokuwako. Vipimo vilipolainishwa, kanuni zile zile zilitoa jibu la akili. Kosa lililochapishwa lilikuja kusomwa na mtu ambaye hakuwa amezaliwa lilipoandikwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine zilichukua nafasi ya wale watu 64,000. Mwaka 1950 Jule Charney na wenzake walitumia kompyuta ya ENIAC katika Marekani kubashiri hali ya hewa ya saa 24, na kazi yenyewe ilichukua muda karibu sawa na huo, yaani utabiri ulifika pamoja na siku uliyoitabiri. Mwaka 1956 Norman Phillips alitengeneza mfano wa kwanza wa mzunguko wa hewa ya dunia uliojiendesha wenyewe kwenye mashine.

Ama habari ya joto ilikuwa na wazee wake. Svante Arrhenius wa Sweden alihesabu kwa mkono mwaka 1896 kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu dunia ingepata joto la nyuzi 5 au 6 zaidi. Guy Stewart Callendar, mhandisi wa mitambo ya mvuke wa Uingereza, alikusanya mwaka 1938 vipimo vya vituo 147 akasema joto limekwisha anza kupanda, na wakubwa wa elimu ya hewa hawakushawishika. Mambo haya yalikuja kupata msingi imara kwa kazi ya Syukuro Manabe, Mjapani aliyehamia Marekani mwaka 1958. Yeye na Richard Wetherald hawakuanza na dunia nzima. Walichukua nguzo moja tu ya hewa, kutoka ardhini hadi juu kabisa, wakauliza joto linapandaje na linashukaje ndani yake, na mvuke wa maji unafanya nini hewa inapopata joto. Mwaka 1967 walitoa jibu la nyuzi 2.3 hivi kwa hewa ukaa iliyoongezeka maradufu. Uzuri wa kazi ile ni kwamba msomaji aliweza kuufuata kila uzi wake. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, akiwa na miaka 90.

Kutoka nguzo moja walikwenda kwenye dunia nzima, na hapo ndipo shida zilipokuwa nyingi. Mraba mmoja wa modeli ulikuwa na upana wa mamia ya kilomita, na wingu ni dogo kuliko mraba huo, basi wingu halikuweza kuhesabiwa. Lilikadiriwa kwa kanuni iliyobuniwa. Mwaka 1979 kamati iliyoongozwa na Charney yule yule ilisema kuwa hewa ukaa ikiwa maradufu joto lingepanda kati ya nyuzi 1.5 na 4.5, na kwa zaidi ya miaka 30 upana huo haukupungua kwa kiasi cha maana, ingawa kompyuta ziliongezeka nguvu mara elfu nyingi. Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini. Nguvu ya mashine peke yake haikuliondoa shaka la mawingu.

Palikuwa na aibu nyingine pia. Hewa ilipounganishwa na bahari ndani ya modeli, dunia ile ya namba haikutulia. Iliteleza polepole ikawa baridi mno au joto mno bila sababu yoyote. Wataalamu wakaongeza marekebisho ya kutunga baina ya bahari na hewa ili kuizuia isiteleze. Wangeweza kuyaficha. Waliyaandika, wakayahesabu, wakayakubali kuwa ni kiraka, na wapinzani wao wakayatumia kuwashambulia. Lakini kiraka kinachoonekana ndicho kinachomsumbua fundi. Mwisho wa miaka ya 1990 modeli ya Hadley Centre ya Uingereza iliweza kukaa sawa bila kiraka hicho, na nyingine zikafuata. Tangu mwaka 1995 vituo vya nchi mbalimbali vimekuwa vikifanya majaribio ya namna moja na kuyaweka majibu pamoja ili yalinganishwe. Faida ya desturi hiyo ilionekana baada ya mwaka 2019, modeli kadhaa mpya na kubwa zilipoleta joto lililopita kiasi. Hazikutupwa, wala hazikuaminiwa kwa sababu ya upya wake. Zilipimwa kwa joto lililokwisha onekana duniani, na ripoti kuu ya kimataifa ya mwaka 2021 ikakadiria kuwa joto la hewa ukaa maradufu huenda ni kati ya nyuzi 2.5 na 4. Upana wa Charney ulikuwa umepungua hatimaye, na uliopunguza ulikuwa ushahidi wa namna nyingi, sehemu kubwa yake ukitoka nje ya modeli.

Sasa nataka nimpeleke msomaji Laxenburg, karibu na Vienna, kwa maana huko hadithi ilikuwa kinyume chake. Laxenburg kuna kasri la wafalme wa zamani wa Austria, ambako walikwenda wakati wa kiangazi. Mwaka 1972 nchi 12, Marekani na Urusi ya Kisovieti zikiwamo, zilikubaliana kuanzisha taasisi ya utafiti ambamo wataalamu wa Mashariki na Magharibi wangefanya kazi pamoja, nayo ikawekwa katika kasri hilo. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipanda ghafula, na kila serikali ikataka kujua nishati ya kesho itatoka wapi. Mpango mkubwa wa nishati wa taasisi hiyo uliongozwa na Wolf Häfele, mwanafizikia wa Ujerumani aliyekuwa ameongoza kazi ya nchi yake ya kubuni vinu vya nyuklia vya aina inayozaa fueli mpya kadiri inavyotumia ya zamani. Matokeo yalitolewa mwaka 1981 katika kitabu chenye juzuu mbili. Yalisema kuwa ifikapo mwaka 2030 dunia ingehitaji kati ya terawati 22 na terawati 36 hivi, na kwamba njia ya kuyafikia mahitaji hayo ilipita kwenye vinu vya namna ile pamoja na makaa ya mawe. Kitabu kilieleza kwamba matokeo hayo ni imara, na kwamba yametokana na kundi la modeli zilizokuwa zikipokezana majibu.

Kijana mmoja wa Marekani, Bill Keepin, alifika Laxenburg mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufanya kazi na modeli hizo. Alitaka kuzielewa kabla ya kuziendeleza. Kadiri alivyochimba ndivyo alivyostaajabu. Aligundua kwamba makadirio ya nishati yaliyotoka kwenye mashine yalikuwa karibu sawa na makadirio yaliyoingizwa na watu, kiasi kwamba sehemu kubwa ya hesabu ile ungeweza kuifanya kwa karatasi na kikokotoo kidogo. Mashine haikuvumbua mustakabali wowote. Iliurudisha ule iliopewa, ukiwa umevaa joho la sayansi. Tena aligundua kuwa matokeo yaliyoitwa imara yalikuwa dhaifu: ukibadilisha kidogo tu gharama iliyodhaniwa ya aina moja ya kinu, modeli iligeuka ikachagua njia nyingine kabisa. Uchambuzi wake ulichapishwa mwaka 1984, na mwezi Desemba wa mwaka huo yeye na Brian Wynne, Mwingereza mchunguzi wa mambo ya sayansi na jamii, waliutoa kwa ufupi katika jarida la Nature. Häfele na wenzake waliukataa.

Mimi sidhani kuwa watu wa Laxenburg walikuwa waongo. Walikuwa wanyofu, na wengi wao walifanya kazi kwa bidii katika dunia iliyogawanyika, jambo ambalo lenyewe ni la heshima. Kosa lao lilikuwa la aina ninayoijua katika kazi yangu. Mfasiri aliyeamua maana ya shairi kabla ya kulisoma ataikuta maana hiyo katika kila ubeti, naye atashangaa ukimwambia kuwa ni yake mwenyewe. Kinu cha Kalkar katika Ujerumani, cha aina ile aliyoipenda Häfele, kilianza kujengwa mwaka 1973, kwa hiyo haki inataka tuseme kwamba kitabu cha 1981 hakikukizaa. Kilimalizika kujengwa kwa gharama ya mabilioni ya marki, kisha mwaka 1991 kikaachwa bila kuwashwa hata siku moja. Sasa ni uwanja wa michezo, na watoto wanabembea ndani ya mnara uliokusudiwa kupozea maji. Nayo dunia, katika miaka hii ya 2020, inatumia nishati ya karibu terawati 20, chini ya kile kilichodhaniwa kuwa kima cha chini cha mwaka 2030. Ama umeme wa jua, ambao wapangaji wa miaka ile waliuona wa ghali mno, gharama yake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 2010 na 2020.

Katika kasri lile lile alipita mchumi wa Marekani, William Nordhaus, ambaye mwaka 1975 aliandika huko makala akiuliza kama hewa ukaa yaweza kudhibitiwa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alitengeneza modeli iliyounganisha uchumi na joto la dunia, nayo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Ndani ya modeli ya namna hii kuna namba moja ndogo yenye enzi kubwa, nayo ni kiwango cha kuipunguza thamani ya kesho ili ilinganishwe na ya leo. Mathalani hasara ya shilingi elfu moja itakayompata mjukuu wako baada ya miaka 100. Ukiipunguza kwa asilimia 4 kila mwaka, leo ina thamani ya shilingi 20 hivi. Ukiipunguza kwa asilimia 1.4, kiwango alichokitumia Nicholas Stern wa Uingereza katika ripoti yake ya mwaka 2006, ina thamani ya shilingi 250 hivi. Bahari ni ile ile, mawingu ni yale yale. Lakini mmoja atashauri mwendo wa polepole na mwingine atashauri haraka. Mabishano ya Stern na Nordhaus yalikuwa makali, nayo yalikuwa na manufaa, kwa kuwa namba yenyewe ilikuwa mezani na kila mtu aliiona. Robert Pindyck alikwenda mbali zaidi mwaka 2013, akasema modeli hizi hazina faida kubwa kwa sababu mambo makuu ndani yake ni ya kudhaniwa. Nadhani alizidisha. Dhana iliyoandikwa yaweza kubishiwa. Dhana iliyomo kichwani mwa waziri haibishiwi.

Nirudi kwetu. Katika Afrika ya Mashariki iliyo karibu na ikweta, Kenya, Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Tanzania, mvua za masika zilipungua tangu miaka ya 1980 hadi mwisho wa miaka ya 2000, hali modeli nyingi zilikuwa zikisema mvua hizo zitaongezeka. David Rowell na wenzake waliuchambua mgongano huo mwaka 2015. Wengine wameonyesha kuwa modeli nyingi huipa vuli mvua nyingi kuliko haki yake na kuinyima masika, kosa ambalo mkulima yeyote wa Tanga angeligundua bila kompyuta. Sababu moja ni ule mraba. Kwenye mraba wa kilomita 100 Kilimanjaro yote humezwa, na pepo za ziwa Victoria, ambazo huleta radi za usiku, hazionekani. Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walieleza modeli ya Afrika nzima yenye miraba ya kilomita 4.5, ambayo ndani yake mawingu ya radi huweza kujiumba yenyewe. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2019, yalionyesha mvua kali zaidi katika siku za mvua, na vipindi virefu zaidi vya ukavu katika sehemu kadhaa. Lakini ni modeli moja, na kwa kuwa ni ghali kuiendesha ilihesabu miaka 10 tu ya sasa na 10 ya baadaye.

Bonde la Rufiji, ambalo Ruaha Mkuu ni tawi lake, lina habari nyingine, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake hutoka nyanda zenye msimu mmoja wa mvua. Huko modeli hazikubaliani hata juu ya upande: baadhi zinasema mvua zitaongezeka na baadhi zinasema zitapungua. Juu ya maji hayo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Declan Conway na wenzake walikuwa wameonya mwaka 2017 kwamba mabwawa ya mashariki na kusini mwa Afrika yanajengwa kwa wingi katika maeneo yanayopata ukame kwa wakati mmoja, hata nchi jirani zisiweze kuazimana umeme zikikaukiwa pamoja. Hilo halikuhitaji kujua kama mvua itaongezeka au itapungua. Lilihitaji mtu kulitazama upya jambo ambalo kila mpango wa nchi moja moja uliliacha nje ya hesabu.

Tangu mwaka 2011 iko modeli ya nishati, OSeMOSYS kwa jina, iliyotolewa bure na ambayo kanuni zake zote hupatikana kwa yeyote atakaye kuzisoma. Ilipoanza zilienea katika kurasa chache. Hutumiwa na kufundishwa katika nchi nyingi za Afrika. Modeli ya Laxenburg nayo, iliyoendelezwa mpaka leo, iliwekwa wazi mwishoni mwa miaka ya 2010, na yeyote aweza kuirudia kazi ya Keepin bila kuomba ruhusa. Lakini wazi kwa nani? Mipango mingi ya nishati katika nchi yetu huandikwa kwa Kiingereza, na mvuvi wa Rufiji au mkulima wa Usangu, ambaye maji yake yamehesabiwa humo, hawezi kuuliza jibu limetoka wapi kwa sababu hawezi kusoma swali.

Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu wa fasiri ukurasa mmoja tu wa mpango wa namna hiyo, ule unaoorodhesha mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli kabla ya hesabu kuanza. Siku ya kwanza tulikaa saa nzima juu ya ile namba ya kuipunguza thamani ya kesho. Mmoja alipendekeza "riba ya wajukuu", mwingine akasema hiyo ni riba ya babu, kwa kuwa anayefaidi ni yeye, na darasa likagawanyika. Ukurasa una istilahi 17 za namna hiyo. Tumefika ya nne.